Likizo ndefu unarudi kijijini Mtwara au Lindi? Fuata hatua hizi

Kila mwaka Juni ikiingia simu yangu haipumui. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wanauliza yaleyale: kaka nibebe nini, kaka nikae wiki ngapi, kaka nikiwaambia sina hela wataniamini? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie tu.

Mimi ni mtoto wa huku juu, uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Chuo nimesoma Dodoma, miaka mitatu yote likizo ndefu nimeishia kijijini, mwaka wa kwanza nikiwa nimekosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa. Kama kwenu ni Kilwa pwani kwa wavuvi au ndani huko Liwale utapunguza hapa utaongeza pale, lakini mengi yanafanana.

Kabla ya yote elewa hili: likizo ndefu inaanzia Julai inaisha Oktoba, na hiyo ndo miezi ambayo mkorosho unataka watu. Julai na Agosti kupuliza salfa (dawa ya mkorosho), Septemba kuokota korosho kunaanza, Oktoba minada. Kwa hiyo huendi kupumzika, unaenda msimu. Ukienda ukijua hivyo utakaa vizuri na watu, ukienda na akili ya kulala mpaka saa nne utanuniwa mpaka siku ya kuondoka.

VYA KUANDAA

Sukari kilo mbili tatu, majani ya chai, sabuni za mche. Usicheke, hivi ndo vinavyopokelewa kwa furaha kuliko keki uliyonunua stendi ikafika imelala. Doti ya kanga kwa mama, na kama bibi yupo basi doti mbili, usijefanya kosa la kuleta moja ukasema watagawana.

Noti za elfu moja moja, nyingi kadri unavyoweza. Sababu utaiona hatua ya nane.

Shati la mikono mirefu na suruali ambazo hutazihitaji tena maishani, barakoa, miwani ya kufunga macho (ile ya mafundi wa kuchomelea haifai, ni nyeusi, nataka ile nyeupe ya plastiki), kitambaa cha kichwa, viatu vya kufunika mguu mzima.

Pawabenki, tochi, na madesa (notsi za masomo) yote unayoyataka uyashushe kwenye simu ukiwa bado chuo kwenye mtandao wa bure. Chandarua kama cha nyumbani kimetoboka, maana mbu wa huku hawana utani na malaria ipo.

HATUA

1. Malizana na chuo kwanza

Hakikisha matokeo yako umeyaona au una namna ya kuyaona. Sapu (mitihani ya kurudia) nyingi zinafanyika Septemba kabla ya mwaka mpya kufunguliwa, na wapo waliojua wana sapu siku mtihani umeshapita, wako shambani wanaokota. Mwachie mwenzako mmoja mwaminifu namba yako na namba ya mtu mwingine wa nyumbani, akupigie kukiwa na tangazo.

Na kama mwaka wenu una fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), jaribu kuomba halmashauri za kwenu, iwe Masasi, Tandahimba, Nachingwea au Lindi. Unakula nyumbani, unalala nyumbani, hela ya fildi inabaki. Wengi wanang'ang'ania Dar halafu wanamaliza hela yote kwenye daladala na chipsi.

Gheto nalo (chumba ulichopanga), ongea na mwenye nyumba mapema kama unalipia miezi usiyokuwepo au unatoa vitu. Usiondoke kimya kimya.

2. Nauli ya kurudi itoke mfukoni kabla hujapanda basi la kwenda

Hii hatua ndo wanairuka wote. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) linaingia ukiwa masomoni, likizo ndefu hakuna bumu, kwa hiyo ulichonacho siku ya kufunga chuo ndo hichohicho. Nauli ya kurudi nzima, pamoja na boda na Noah za kutoka kijijini hadi stendi, mtumie mtu ambaye hata ukimlilia hakupi. Mimi nampa dada yangu aliyeolewa Mbagala. Ukiiacha kwenye simu yako utaila, tena utaila kwa sababu nzuri kabisa: mtoto anaumwa, madaftari, msiba. Mimi niliila mwaka wa kwanza, nitakueleza chini.

3. Safari

Kutoka Dar hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 560, unaondoka alfajiri unafika jioni. Kata tiketi siku kadhaa mbele, vyuo vikifunga wiki moja watu wanajaa. Kama kwenu ni Masasi, Newala au Nachingwea usikubali kupelekwa Mtwara mjini kama hakuna ulazima, uliza basi linaloingia Masasi moja kwa moja, linakata pale Mnazi Mmoja ya Lindi. Na nyie mnaotoka Mbeya, Iringa, Njombe, ipo njia ya Songea hadi Tunduru hadi Masasi, lami, huna haja ya kwenda kuzunguka Dar.

Julai njia haina shida. Ila ukienda likizo fupi kipindi cha mvua kubwa piga simu kwanza uulize. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga watu wakalala njiani na watoto. Pesa kidogo ya akiba ya kulala iwepo.

Korosho za madirishani usinunue eti zawadi ya nyumbani. Kuna mtu namjua alifanya hivyo. Mpaka leo anaitwa Korosho.

4. Siku ya kwanza na ya pili: salamu, kwa mjomba, halafu tarehe

Ukifika salimia wote waliopo, mkubwa shikamoo, na usikae ndani ukichaji simu. Siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi nenda kwa mjomba. Huku kwetu Wamakonde, na Wamwera na Wayao vilevile, ukoo unaenda kwa upande wa mama, mjomba ndo mwenye neno. Ukizunguka kijiji kizima kwa marafiki halafu mjomba akasikia kwa watu kuwa ntoto wa chuo kaja tangu juzi, hapo umejiharibia, na siku unahitaji mtu wa kukusemea hutampata. Nenda na sukari yako kilo moja, kaa mkekani, muulize habari za shamba, msikilize. Hotuba haihitajiki.

Halafu jioni mkishakula, waambie wazee mambo mawili waziwazi. La kwanza tarehe ya kuondoka. Sio "mwezi wa kumi huko", sema tarehe. La pili, una nini na huna nini. "Baba, hela ya chuo imeishia chuoni, nimekuja na mikono." Ukiisema siku ya kwanza ni taarifa, ukiisema wiki ya tatu baada ya kuombwa inakuwa uchoyo.

Utaulizwa unasomea nini. Jibu kwa kazi, usijibu kwa jina la kozi. Mimi nilimwambia bibi nasoma maendeleo ya jamii, akafikiri kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo utakuwa mwenyekiti?" Nikasema hapana. Akasema basi soma kingine.

5. Jifunze upya kuoga

Waliokulia huku juu wanajua, ila ukikaa hosteli mwaka mzima bomba linamwaga tu unasahau. Uwanda wa Makonde maji ni shida ya tangu babu zetu. Nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia mvua kilichochimbwa ardhini kikasakafiwa, bati linamwaga humo masika, halafu mnakula hayohayo hadi mvua nyingine. Ikifika Agosti, Septemba, yamebaki chini, ndoo ikigonga sakafu unasikia. Yakiisha mnanunua kwa dumu.

Asubuhi yangu ya kwanza nilivuta ndoo mbili, nikaoga moja na nyingine nikafulia jinzi. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anapepeta kunde. Hakusema kitu. Alikuja akachungulia kisimani, akachukua yale maji ya mapovu ya jinzi akaenda kuyamwagia mchicha, akarudi akakaa. Sijawahi kusemwa vibaya kama siku ile.

Kwa hiyo: nusu ndoo, kopo moja, jipake sabuni ukiwa umesimama kwenye beseni. Yaliyobaki beseni yana kazi. Na ukiona dumu tupu chukua ukajaze bila kutumwa, mwanaume au mwanamke.

6. Salfa

Hapa tukae kidogo, ndo penye maswali mengi na ndo panapoumiza watu.

Salfa ni unga wa njano, unapulizwa kwenye mkorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa unaofanya maua na majani machanga yawe kama yamemwagiwa unga halafu yanakauka. Ua likikauka hakuna korosho. Inarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi tatu msimu wa maua, kwa hiyo ukiwa nyumbani Julai hadi Septemba utaikuta zaidi ya mara moja.

a) Mnaamka saa tisa, saa kumi usiku. Sio ukatili wa mzee, ni kwamba alfajiri kuna umande unga unashika, na upepo umelala. Jua likishapanda upepo unaamka, unga unaenda kwa jirani, mnakuwa mmempulizia mwenzenu bure. Ikifika saa mbili asubuhi zima mashine ya kupulizia.

b) Kabla hujavaa mashine vaa mwili wako. Mikono mirefu, kola juu, kitambaa kichwani hadi shingoni, barakoa, miwani. Vaa vyote hata kama wenzako wamevaa fulana wanakucheka.

c) Kama hujawahi kubeba mashine usianze nayo, anza kwa kubeba mfuko na kujaza. Mashine ni nzito, inatetemeka mgongoni, inapiga kelele huwezi kusikia mtu, na ukijikwaa kwenye shina gizani unaanguka nayo na petroli yake. Siku mbili za kujaza zinakutosha kujua mzee anavyokanyaga.

d) Tafuta upepo unatoka wapi kabla ya kuwasha. Rusha unga kidogo au angalia moshi. Upepo ukupige mgongoni, mkorosho uwe mbele.

e) Kiasi: mkorosho mkubwa kama robo kilo kwa mpulizo mmoja. Watu wanamwaga mti mmoja unakuwa njano kama kifaranga halafu mfuko unaisha nusu shamba. Pitisha mdomo wa mashine chini kwenda juu, zunguka, unga upande wenyewe kama ukungu.

f) Ukimaliza usile, usishike uso. Vua nje, nguo za salfa zisiingie ndani wala zisifuliwe na za watoto. Nawa kwanza mikono, ndo uso, ndo uoge. Ndiyo, hii siku unaruhusiwa ndoo nzima, hata bibi anakubali.

Kosa kubwa ni kufikicha macho. Salfa ikikutana na jasho macho yanawaka kama umepakwa pilipili, na ukifikicha unaisugua ndani zaidi. Siku yangu ya kwanza nilifikicha, nikashinda chini ya mwembe nimefunika uso kwa kanga ya mama hadi alasiri, watoto wanapita wananiita mwali.

7. Kuokota

Septemba korosho zinaanza kudondoka, mwanzoni chache, kisha shamba zima. Kazi ni nyepesi kwa kuiangalia tu, jaribu kuinama masaa manne.

Usitikise mti wala kuchuma juu. Korosho iliyokomaa inaanguka yenyewe. Za kuchuma zinakuwa changa, zinashusha gredi ya mzigo wote.

Okota kila siku, hasa kukiwa na manyunyu. Tenganisha korosho na bibo (tunda lenye maji linaloshikana na korosho) palepale, hakikisha hakuna nyama ya bibo iliyobaki kwenye korosho, hiyo ndo inaozesha.

Anika juani siku mbili hadi tatu kwenye jamvi au turubai safi, geuza geuza, jioni funika umande usipate. Kujua imekauka: bonyeza kwa kucha, kama kucha haiachi alama na ukizitikisa zinalia, tayari. Chambua, nzuri kwake, zilizosinyaa na zenye madoa kwake. Hifadhi kwenye gunia la katani, usiweke kwenye viroba vya plastiki, zinavuja jasho zinaota ukungu na ghalani watakurudisha.

Onyo: maji ya bibo yakidondoka kwenye nguo hayatoki. Sio "yanatoka kwa shida", hayatoki. Tisheti ya chuo iache nyumbani.

8. Mwalini, msibani na michango

Miezi hii ndo watoto wa jando na unyago wanatolewa, kila wikiendi kuna ngoma mahali. Utaalikwa, na ukiwa mtu wa chuo wanategemea utatunza. Hapa ndo noti za elfu moja zinapofanya kazi: mwali wa huyu elfu, wa yule elfu, umeonekana, umecheza, umerudi. Ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake huwezi kuomba chenji kwa mwali.

Dada zangu, nyie mtaulizwa lini mnaolewa, tena na watu ambao hawajawahi kukuulizeni kitu kingine. Jibu fupi, cheka, ondoka ukateke maji. Ukianza kueleza malengo yako umewapa mada ya mwezi mzima.

Msibani nenda, hata kama humjui marehemu vizuri. Chimba, beba maji, kaa. Simu izime.

9. Karatasi na ghala

Hii ndo kazi ambayo mtoto wa chuo kweli unawazidi wengine, itumie. Korosho zikiwa tayari zinakwenda AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), zinapimwa, zinaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, zinauzwa mnadani kupitia chama kikuu, TANECU huku Newala na Tandahimba, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, RUNALI kule Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Malipo yanaingia benki. Nenda na mzee kwenye mizani, soma kilo kwa macho yako, hakikisha risiti imeandikwa hizohizo na jina na namba ya akaunti viko sawa, maana herufi moja ikikosewa pesa inazunguka wiki nzima. Msomee makato mstari kwa mstari, kisha piga picha karatasi zote uhifadhi.

Jirani nao watakuja, na wadogo zao waliomaliza kidato cha sita wanataka kuomba mkopo wa chuo. Wasaidie, ila waambie waanze na cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) na sahihi za serikali ya kijiji, usiache waje siku dirisha linafungwa.

Na kangomba (kununua korosho kwa magendo) usiiguse. Kuna wanaokuja na vijisenti vya bumu, wanawanunulia watu korosho kwa bakuli kabla ya msimu, watu wana njaa wanauza kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria, unaweza kupoteza mzigo na ukashikwa. Lakini mimi sheria naiweka pembeni, ninayemfikiria ni mama jirani aliyekulea, anapima korosho zake kwenye bakuli lako ili anunue unga. Utamsalimiaje Desemba?

IKITOKEA HIVI

Mtandao haushiki: uliza watoto, kila kijiji kina sehemu yake, kwetu ni kwenye kichuguu nyuma ya msikiti. Nenda jioni, soma ujumbe wote, rudi.

Salfa imeingia machoni: usifikiche. Maji safi mengi, mwaga taratibu jicho likiwa wazi, rudia. Ikiendelea kuuma hadi kesho au unaona ukungu nenda zahanati.

Homa: pima kwanza. Usimeze dawa ya jirani iliyobaki.

Umepewa uraka (kinywaji cha maji ya bibo): ukitoka kukamuliwa asubuhi ni mtamu kama juisi, ukilala ni kitu kingine kabisa. Uliza umekamuliwa lini.

Mzee anakuomba ubaki hadi malipo yatoke: ndo maana ulisema tarehe siku ya kwanza. Mpitie mjomba, yeye ndo atamwambia. Usibishane naye mwenyewe.

Umekula nauli: iko njia moja tu, kibarua. Mwaka wangu wa kwanza ilifika siku sina hata mia, na chuo kimebakiza siku kumi na mbili kufungua. Nikaenda kwa jirani mwenye shamba kubwa, nikamwomba niokote, tukapatana bei ya kila debe, nikaokota siku tisa mfululizo, hela nikamwambia asinipe mkononi ampe mama hadi siku ya safari. Nauli ikatimia. Nilifika Dodoma vipindi vimeshaanza, viganja vyangu vyeusi kwa mabibo hadi kwenye kucha, mwenzangu wa chumba akaviangalia akanisogezea sabuni yake, akaniuliza kwa upole kama nimeshapima.